Mtoto wa Ukaguzi

Jumatatu, tarehe 14 Julai 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini za alfajiri, manyunyu yaliyoanza tangu Jumamosi yalikuwa bado yakianguka juu ya mabati ya Kihunguro, Ruiru. Baridi ilikuwa ile ya Julai ambayo huwafanya watu wazima wasioge na kuwaambia wenzao kwamba wameoga. Katika chumba cha mwisho cha ploti ya kupangisha ya Mama Gichuru, Waruguru alikuwa akimfunga binti yake Njambi mgongoni. Likizo yake ya uzazi, miezi mitatu kama sheria inavyosema, ilikuwa imekwisha jana. Mtoto hakuwa ameisoma sheria hiyo. Alikuwa ametoka kunyonya kwa utulivu wa mtu anayedhani kwamba mambo yataendelea hivyo hivyo.

“Mama Njambi, umebeba nepi?” aliuliza mumewe, Njau, akitafuta kiatu chini ya kitanda.

“Nimebeba nepi, nimebeba maziwa, nimebeba blanketi mbili. Kitu sijabeba ni roho ya kumwacha.”

Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha makadamia cha Bwana Jasbir, kule Thika. Waruguru alikuwa mchambuzi, kazi yake kutenga viini na maganda kando ya mashine ya kupasulia. Njau alikuwa mtu wa boila, naye aliyachoma maganda hayo hayo ili kukaushia makadamia nyingine. Mtoto alipozaliwa, Njau alipewa likizo ya wiki mbili ambayo sheria huwapa akina baba. Siku ya nne boila ilianza kukohoa, akaitwa. Meneja wa wafanyakazi alimweleza kwamba mtoto wa umri huo hajui baba yake ni nani, kwa hiyo hakuna anayepoteza kitu. Kwa siku zilizobaki alifidiwa kilo mbili za makadamia zilizovunjika, zikiwa ndani ya karatasi ya kaki.

Deikea ya Dorine ilikuwa nyuma ya bucha, chumba kimoja chenye zulia la plastiki, televisheni moja na watoto kumi na wanne. Dorine hakuwa mwanamke mbaya. Aliwatoza akina mama kiasi walichoweza kulipa, na kwa kiasi hicho aliajiri wasaidizi walioweza kupatikana, yaani hakuna. Shule za chekechea za serikali humpokea mtoto akifikisha miaka minne. Kabla ya hapo, baada ya likizo ya mama kwisha, mtoto wa Ruiru huishi kwa kudra na kwa Dorine.

“Mlete,” alisema Dorine, akinyoosha mikono. “Aki ni mzuri! Huyu hatanisumbua.”

*

Jioni Waruguru aliporudi, alimkuta Dorine amesimama nje ya mlango, mtoto mikononi, macho mekundu. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu zaidi.

“Chukua mtoto wako.”

“Amelia?”

“Kulia ni kitu mtu anafanya akichoka anaacha. Huyu hajaacha. Ameanza ukifunga mlango, na hao wengine wote wamejifunza kwake. Mwenye bucha amekuja kuniuliza kama nachinja bila leseni.”

“Dorine, dada yangu, mpe wiki moja tu azoee.”

“Mama Njambi, mimi nakupenda, lakini si kiasi hicho.” Dorine aliingiza mkono mfukoni mwa aproni akatoa noti ya mia na sarafu za jumla ya shilingi hamsini. “Na shika pesa yako. Sitaki watu waseme nilikula pesa ya mtoto aliyenishinda.”

Waruguru alizikataa, Dorine akazifunga kwenye blanketi la mtoto. Tendo hilo la heshima ndilo lililomtoa Waruguru machozi, kwa kuwa mtu anayerudisha ada huwa amekata shauri.

Kabla usiku haujaingia Njau alimpigia mama yake simu huko Murera. Mtoto alikuwa wa kwanza na wa kike, na kwa desturi ya Wakikuyu alikuwa amepewa jina la bibi huyo, mama mzaa baba. Njau aliona kwamba hapo ndipo pa kuanzia.

“Mami, Njambi amekosa mahali pa kukaa mchana.”

“Njambi gani?”

“Wewe mwenyewe. Huyu wetu.”

“Alichukua jina langu nikafurahi, nikachinja kuku,” ilisema sauti ya bibi, pana na yenye afya. “Sasa anataka na miguu yangu? Niko na ng'ombe watatu huku, na mmoja anakaribia kuzaa. Huyo wa kuzaa nimempumzisha miezi miwili. Simkamui. Anakula tu na kuangalia barabara. Nyinyi huko kiwandani Waruguru alipumzishwa mingapi?”

“Mitatu, Mami.”

“Kabla ya kuzaa ama baada?”

“Baada. Kabla alifanya kazi mpaka jioni ile uchungu ulimshikia huko.”



“Basi ng'ombe wangu ameajiriwa vizuri kuliko mke wako,” alisema mama yake Njau. “Lala salama.”

*

Jumanne asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, Waruguru alifika kwenye lango la kiwanda na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelia tangu Ruiru kwa bidii ambayo ingefaa kulipwa mshahara. Walipolikaribia lango alinyamaza ghafla na kugeuza kichwa, kama mtu aliyeitwa jina. Waruguru aliliona jambo hilo lakini hakulifikiria, kwa sababu Okello, mlinzi wa lango, alikuwa tayari ameinua mkono.

“Mama, mtoto haingii. Hana kofia.”

“Ana kofia. Ni hii ya sufu.”

“Kofia ya kiwanda. Ya usafi. Zile za nyavu. Na ziko saizi moja tu.”

“Okello, si unanijua! Ni mimi Waruguru.”

“Wewe nakujua. Huyu ndiye sina habari zake.”

Wafanyakazi wa zamu walipita wakitazama chini. Ndipo alipotokea Absalom, meneja wa wafanyakazi, akiwa amevaa tai ya rangi ya samli na kushika kikombe cha chai. Absalom alikuwa mtu nadhifu aliyeamini kwamba shida yoyote ikipewa muda wa kutosha hujiuzulu yenyewe.

“Waruguru, kiwanda si kliniki.”

“Bwana Absalom, deikea imemkataa. Nilikuwa nauliza kile chumba.”

Alikinyooshea kidole. Kando ya ukumbi wa mashine palikuwa na mlango wa buluu ulioandikwa CHUMBA CHA MAMA NA MTOTO. Bwana Jasbir alikijenga miaka mitatu iliyopita kwa kuwa sheria ilidai hivyo na wanunuzi wa ng'ambo pia. Aliweka kitanda, kitanda kidogo cha mtoto na friji ya kuhifadhia maziwa ya mama, akakata utepe, akakisahau. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia kwenye mkanda wa Absalom. Alikitumia chumba hicho kila siku baada ya chakula cha mchana. Ndani ya friji mlikuwa na soda zake na maparachichi, na juu ya kitanda palikuwa na bonde lenye umbo lake.

“Kile kiko kwa maandalizi,” alisema Absalom.

“Miaka mitatu?”

“Unataka mtoto wako aingie mahali hapajaandaliwa? Sikiliza, mama. Leo na kesho nitakuandikia ofu, ukae nyumbani. Alhamisi uje mikono mitupu, ama uje na barua ya kuacha kazi. Kuna wasichana huku nje wanalilia hiyo nafasi yako.”

Akanywa chai. Waruguru aligeuka. Alipofika barabarani mtoto alianza tena kulia.

*

Jumatano alasiri Bwana Jasbir alipokea simu. Kampuni kubwa iliyonunua zaidi ya nusu ya makadamia zake ilikuwa inamtuma mkaguzi kesho yake saa nne. Mkaguzi angependa kuona usafi, vizima moto, na chumba cha mama na mtoto, kikitumika.

“Kikitumika,” Bwana Jasbir alirudia mbele ya Absalom. “Kinatumika, sivyo?”

“Kila siku, bosi,” alisema Absalom, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo ya aina hiyo alikuwa akisema kweli.

Kisha alirudi ofisini akaketi. Wanawake waliojifungua katika miaka hiyo wengine walikuwa wamewapeleka watoto kwa bibi zao Murang'a, wengine walikuwa wameacha kazi. Wangechi wa upakiaji, aliyerudi mwezi uliopita, alimwacha wake na jirani huko Githurai, naye alikuwa amekwisha kwenda nyumbani na simu kuizima. Kwa juhudi za miaka mitatu Absalom alikuwa amehakikisha kwamba hakuna mtoto anayekaribia kiwanda, na sasa alihitaji mmoja kabla ya saa nne asubuhi.

Jua lilipokuwa likitua alibisha mlango wa Waruguru. Anayeingia kwa mara ya kwanza nyumba yenye mtoto mchanga haingii mikono mitupu, na Absalom, aliyelelewa vizuri kabla hajapandishwa cheo, alikuwa na mkate mkubwa, sukari, na pakiti mbili za maziwa.

“Hodi! Nimekuja kuona mtoto.”

“Ulimwona jana,” alisema Waruguru.

“Jana sikumwona vizuri.”

Kiti kilikuwa kimoja nacho kilikuwa na nguo zilizokosa kukauka, kwa hiyo meneja aliketi ukingoni mwa kitanda, magoti karibu na kidevu. Njau alimtilia chai. Waruguru, bila kuulizwa, alimwekea mtoto mapajani.

“Ni mzito,” alisema Absalom. “Hongereni. Sasa, Mama Njambi, nilikuwa na ombi. Kesho tuna wageni. Nilikuwa naomba mtuazime mtoto. Masaa mawili, matatu.”

“Kumwazima?”

“Atakuwa ndani ya chumba. Kile cha buluu. Kimemaliza maandalizi.”

“Lini?”

“Kitamaliza leo usiku.”

Njau alicheka hadi chai ikamwingia puani. Waruguru hakucheka.

“Bwana Absalom, jana umenifukuza mbele ya Okello kama mtu anauza mitumba. Leo unataka mtoto wangu kama unaazima wilibaro.”

“Mambo ya jana tuyaache. Ukikubali, barua hakuna, kazi yako iko salama. Wewe utakuwa kwa laini ya kuchambulia, mgeni akuone ukifanya kazi. Baba Njambi atakaa na mtoto, nitamtoa kwa boila. Mgeni akiuliza, mtoto huja kila siku. Ni hayo tu.”

“Na Ijumaa?”

“Ijumaa ni nini?”

“Ijumaa mtoto atakaa wapi?”

Absalom alifungua kinywa ili ajibu. Hapo mtoto, aliyekuwa akimtazama kwa makini muda wote huo, alimkojolea. Alimkojolea kwa muda mrefu, kuanzia tai ya rangi ya samli hadi soksi, na Absalom hakuthubutu kumwinua kwa kuogopa kumharibu kabla ya kesho.

“Amekubali,” alisema Njau.

*

Alhamisi saa nne kasorobo chumba kilinukia dawa ya kufulia. Soda na maparachichi yalikuwa yamehamishwa. Okello, aliyepewa amri mpya, alimpokea mtoto langoni kwa saluti na kofia ya wavu iliyomfika kifuani. Mtoto alikuwa amelia tangu Ruiru. Alipoingia uani alinyamaza. Alipolazwa kwenye kitanda kidogo, ukuta ukitetemeka kwa ngurumo ya mashine za kupasulia upande wa pili, alipiga mwayo mmoja na kulala fofofo.

Njau alisimama juu yake kwa mshangao. Katika miezi mitatu hakuwahi kumwona binti yake amelala mchana. Kusema kweli, alikuwa amemwona mchana mara chache sana.

Mkaguzi aliitwa Mwongeli. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu bapa na kalamu moja. Bwana Jasbir, mzaliwa wa Thika aliyesema Kikuyu vizuri kuliko vijana wengi wa Kikuyu, alimtembeza mwenyewe. Walipofika katikati ya ukumbi alitaka kutoa hotuba fupi kuhusu kiwanda kama familia, akainua mkono.

“Zimeni mashine!”

Mashine zilizimwa, namba moja, kisha namba mbili. Kimya kilitanda. Bwana Jasbir alikohoa. “Madam, sisi hapa ni familia…”

Nyuma ya mlango wa buluu kilitoka kilio ambacho wazee wa kiwanda walikifananisha na king'ora cha zamani, kile kilichoondolewa kwa malalamiko ya majirani. Bwana Jasbir alipandisha sauti. Kilio kilipanda pamoja naye. Absalom alikimbilia chumbani, akatikisa ufunguo mbele ya mtoto, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Hali ilizidi kuwa mbaya. Kisha mlango ulifunguka, Njau akatoka na mtoto kifuani.

“Washeni mashine!”

“Njau, niko na hotuba,” alisema Bwana Jasbir.

“Hotuba itangoja, bosi. Washeni namba mbili!”

Fundi wa namba mbili, ambaye pia alikuwa baba, hakungoja ruhusa. Mashine ilinguruma. Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, akakiweka kichwa begani mwa baba yake.

Mwongeli aliiweka kalamu nyuma ya sikio. “Zimeni!” alisema. Kilio. “Washeni!” Kimya. Alirudia tena, kama fundi anayejaribu redio, kisha akamkaribia Njau. Ilibidi wote wapige kelele ili wasikike.

“Mtoto huyu huletwa hapa kila siku?”

“Kila siku, madam!” alipaza Absalom. “Tangu azaliwe! Amezoea!”

“Mama yake yuko wapi?”

Waruguru aliitwa kutoka kwenye laini, glavu zikiwa bado mikononi. Absalom alimkazia macho ya kumkumbusha. Wachambuzi wenzake walijifanya wanachambua. Waruguru alijua gharama yake. Akisema ndiyo, kazi ingekuwa salama hadi kesho alfajiri, saa ya kumpeleka mtoto mahali ambapo hapakuwepo. Akisema la, huenda ingeisha sasa hivi.

“Amezoea, ndiyo,” alisema kwa sauti ya juu. “Lakini si tangu azaliwe. Alizoea akiwa tumboni. Nilisimama hapo kando ya namba mbili mimba yote, mpaka jioni uchungu ulinishikia hapo hapo. Chumba hicho ameingia leo mara ya kwanza. Juzi alirudishwa langoni. Hata mimi sijawahi kukiona ndani.”

Sasa hata mashine zilionekana kusikiliza. Njau alitazama viatu vyake. Mwongeli aliingia chumbani, akachungulia friji, akainama, akatoka na kandambili mbili za mwanamume alizozitoa chini ya kitanda.

“Hizi ni za mtoto gani? Ni namba kumi.”

Bwana Jasbir aliziangalia kandambili, akamwangalia Absalom, akauangalia mguu wa Absalom.

“Na wewe, baba,” Mwongeli alimgeukia Njau, “likizo yako ulipata?”

“Nilipata, madam. Siku nne. Zingine nililipwa kwa makadamia.”

“Kwa nini?”

“Makadamia!” Njau alipaza, akidhani hakusikika. “Kilo mbili! Zilizovunjika! Na zilikuwa chungu!”

Bwana Jasbir alifumba macho. Alikuwa mtu wa hesabu kali lakini hakuwa mwizi, na alikuwa na wajukuu watatu. Alipoyafumbua alisema, “Njau, kuanzia Jumatatu nenda nyumbani ukamalizie likizo yako. Siku zote zilizobaki. Boila nitaiangalia mimi mwenyewe kama ni lazima.”

“Na kesho, mama?” Mwongeli alimuuliza Waruguru. “Mtoto atakaa wapi kesho?”

Waruguru alivua glavu ya mkono wa kulia, akaunyoosha mkono huo mbele ya Absalom.

“Atakaa hapa. Yeye na wa Wangechi na wa mwingine yeyote anayekuja. Dorine wa Kihunguro anajua kulea, akilipwa vizuri na asipewe kumi na wanne. Lakini kwanza mlango ufunguke. Bwana Absalom, jana ulikuja kwangu kuniomba mtoto nikakupa. Leo mimi naomba ufunguo.”

“Bosi?” alisema Absalom.

“Mpe,” alisema Bwana Jasbir.

“Kwa sasa hivi tu, ama?”

“Absalom. Mpe.”

Ufunguo ulitoka kwenye mkanda kwa shida, kama jino. Waruguru aliufunga kwenye ncha ya leso aliyojifunga kiunoni, mahali ambapo wanawake hufunga kitu wasichotaka kuombwa, akarudi kwenye laini. Mwongeli aliandika kwa muda mrefu. Alipokuwa akiingia garini alimwambia Bwana Jasbir kwamba atarudi, na kwamba safari hiyo hatapiga simu.

*

Saa kumi na moja jioni zamu ilitoka. Absalom alikuwa amesimama kando ya lango, tai mpya shingoni, kandambili zake ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki. Aliwaacha wengine wapite kwanza.

“Mama Njambi, umefanya vizuri leo. Mgeni amefurahi. Sasa nirudishie ule ufunguo.”

“Ufunguo gani?”

“Usinichezee. Nilikuazima mbele ya wageni. Mimi ndiye nimeandikishwa huo ufunguo. Kesho nitafungua chumba mwenyewe, nikimaliza mambo yangu.”

Waruguru alimpandisha mtoto mgongoni na kukaza fundo la leso. Ufunguo ulikuwa ndani ya fundo hilo, naye Absalom aliweza kuliona umbo lake.

“Wewe uliazima mtoto,” alisema. “Umemrudisha mzima, amelala, amekula. Hunidai na sikudai.”

“Na ufunguo?”

“Ufunguo sirudishi.”

“Waruguru, hicho ni kitu cha kampuni!”

“Ndiyo. Na mimi ni wa kampuni. Kesho saa moja nitakifungua chumba, wewe ukitaka kulala uje na mtoto.”

Nyuma yao mashine ya mwisho ilizimwa, na mtoto akaanza kulia. Okello, bila kungoja amri ya mtu, aliwafungulia lango lote.